Mvua Imefika, Mfereji Bado

Kwa Waheshimiwa Waandaaji wa Maombi ya Kitaifa,
Nairobi.

KUH: OMBI LILILOJIBIWA KUPITA KIASI



Naandika kushukuru. Ni nadra mwananchi wa nchi hii kuiandikia kamati yoyote barua ya shukrani, kwa hiyo naomba mketi kwanza. Mnamo Februari 14, 2023, wenzetu wengine wakihangaika na maua mekundu, ninyi mlituita Uwanja wa Nyayo tuombe mvua. Rais alikuwepo, maaskofu walikuwepo, na sababu ilikuwepo. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya maana. Ukame kama huo haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Kule Turkana, Marsabit, Wajir na kwingineko kaskazini, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa. Mfugaji aliyesimama katikati ya mizoga ya ng'ombe wake hahitaji mhubiri wa kumweleza kwa nini watu hupiga magoti, na mimi siwezi kuicheka siku ile.

Haikupita miezi miwili, mvua ikanyesha. Wakosoaji walisema Machi ni mwezi wa mvua ndefu tangu enzi za mababu, kuwe na maombi kusiwe na maombi. Msiwajali. Mimi nimeiandika kwenye hesabu yenu.

Ila sasa, waheshimiwa, kuna jambo dogo la kiutaratibu. Nashuku kwamba ombi lile hatukulifunga vizuri. Pengine mtu alisahau kusema amina. Kwa maana mvua ya mwisho wa mwaka huohuo ilipokuja, ilikuja na El Niño, ikakata barabara ya Garissa, ikafagia madaraja na vibanda, na kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa. Tukavuta pumzi. Machi 2024 ikarudi, na hadi Mei tulikuwa tumezika wengine karibu 300. Maji yakaingia Mathare, yakaingia Mukuru, yakapanda hadi Mombasa Road ambako magari ya watu wenye bima nayo yalielea. Shule zilipaswa kufunguliwa mwishoni mwa Aprili. Zikafunguliwa katikati ya Mei. Mbingu zilitimiza wajibu wao pamoja na marupurupu. Waliochelewa walikuwa huku chini.

Nimerudi kusoma mfano ambao wahubiri wetu huutumia kila ukame ukiingia, ule wa nabii Eliya, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 18. Mnaujua vizuri kuliko mimi: miaka mitatu ya kiangazi, mlima Karmeli, mfalme Ahabu, moto kutoka mbinguni. Ila kuna mstari ambao kwenye mimbari huwa tunauruka kwa sababu hauna moto. Eliya alipomaliza kupanga mawe 12 ya madhabahu, alichimba mfereji. Aliuchimba kabla ya kuomba moto, na kabla ya kuomba mvua. Najua wataalamu wenu wa Biblia watanikosoa kwamba mfereji ule ulikuwa wa maji ya kumwagia sadaka. Nakubali. Lakini mtu yule alimwaga mitungi 12 ya maji katikati ya umati, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna mama aliyehamisha godoro.

Na hapo bado. Wakati wa kuomba mvua ulipofika, hakuita mkutano wa hadhara. Alipanda mlimani, akainama hadi uso ukawa katikati ya magoti, akamtuma mtumishi wake akaangalie upande wa bahari. Mtumishi akarudi: hakuna kitu. Akamrudisha. Mara saba! Mara ya saba ndipo kikaonekana kiwingu kidogo kama kiganja. Eliya hakungoja kiwe kikubwa. Alituma habari kwa Ahabu palepale: tandika gari lako, ushuke, mvua isije ikakuzuia njiani. Kwa maneno mengine, nabii aliomba, akaweka mtu wa kupima hali ya hewa, kisha akatoa tahadhari mapema kwa mkuu wa nchi, na mkuu wa nchi akapanda gari akaondoka.

Sisi pia mtumishi wa kuangalia mawingu tunaye. Anakaa Dagoretti Corner, Ngong Road, na mshahara wake unatoka kwenye kodi zetu. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya El Niño mwaka 2023 hata kabla ya Septemba. Ilipofika Oktoba, tukaambiwa na Rais mwenyewe kwamba hakutakuwa na El Niño, kwamba mvua itanyesha lakini haitafika kiwango cha kuharibu. Nisieleweke vibaya, simfananishi mtu yeyote na Ahabu. Ahabu alishuka mlimani alipoambiwa.

Niwapeleke mahali pamoja tu, kisha nitawaachia mwendelee na ratiba. Old Kijabe, karibu na Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka, na sote tukatafuta mwenye bwawa tumlaumu. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza: halikuwa bwawa. Kulikuwa na njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani, handaki la kupitishia mto. Likaziba. Matawi yaliyong'olewa, mawe, udongo na vigogo vilijipanga mdomoni mwake kimoja juu ya kingine, na maji yakaanza kujikusanya nyuma ya tuta, yakapanda gizani bila mtu kuyaona. Tuta lilipoachia, maji yaliteremka kijijini watu wakiwa usingizini, yakabeba nyumba, magari, miti na wenye nyumba. Zaidi ya watu 40 walikufa katika usiku huo mmoja.

Ninaukumbuka ujumbe uliozunguka kwenye simu zetu asubuhi ile: tuwaombee watu wa Mai Mahiu. Tukawaombea. Lakini nimekaa na swali la kijinga ambalo naamini kamati yenu yenye madaktari wa theolojia itanisaidia nalo. Handaki lililoziba linaombewaje? Linawekewa mikono? Linapakwa mafuta? Nimeuliza mafundi wawili watatu, na wote wamenijibu kwamba kalvati huitikia zaidi koleo.

Serikali nayo haikukaa bure. Ilipima mita 30 kutoka ukingo wa mto, ikatuma tingatinga Mathare na Mukuru kubomoa yale ambayo maji yalikuwa yamesaza. Kwa walioondolewa iliahidi shilingi 10,000 kila nyumba, pesa ambazo jijini Nairobi zinatosha kukodi chumba, mradi usitake mlango. Kisha Mei 10 ikatangazwa sikukuu ya taifa ya kupanda miti. Siku ya kupanda miti tulipata. Siku ya kuzibua mitaro bado tunaingojea kwenye gazeti rasmi, na nashuku haitakuja, kwa kuwa hakuna kiongozi anayependeza akipigwa picha ndani ya mtaro.

Kuhusu picha. Haki lazima itendeke, makanisa mengi yalifungua milango. Watu walilala kwenye madhabahu na madarasani, mabenchi yakiunganishwa mawili mawili yawe vitanda vya watoto, na akina mama wa ushirika wakapika uji kwa sufuria za harusi. Hao siwaandikii barua. Wana kazi. Nawaandikia kwa ajili ya wale waliofika siku ya tatu na gambuti mpya zenye stika ya bei, spika mbili, mabango ya huduma yao, na bunda moja la unga lililoshikwa na watumishi sita kwa pamoja huku mpiga picha akiwaomba wasogee kidogo, uso wa mwathiriwa uonekane. Kisha mahubiri ya saa moja na nusu kuhusu dhambi iliyoleta gharika. Mtu ambaye nyumba yake imekwenda na maji aliambiwa atubu. Aliyeuza kiwanja ndani ya njia ya mto, na aliyepiga muhuri hati yake, hawakuwepo kwenye mkutano ule, na hakuna aliyewatafuta ili nao waokoke.

Mwaka 2025, habari zilipotoka kwamba kanisa linajengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi kwa shilingi bilioni 1.2, watu walipiga kelele kuhusu bei. Rais akasema pesa ni zake. Basi, yakaisha. Mimi swali langu lilikuwa jingine: maji ya paa lile yataelekezwa wapi? Ikulu iko juu, na maji hayajawahi kupanda mlima.

Sasa niseme ninachoomba, maana najua mnapanga mengine, na ukame au gharika hautatuacha tukae muda mrefu bila mkutano. Mkituita tena uwanjani, kiingilio kiwe jembe, koleo au toroli. Ibada ianze saa 12 asubuhi na ihamie kwenye mitaro saa mbili. Kila askofu apewe kalvati moja kwa jina, kama tulivyopewa wasimamizi wakati wa ubatizo, na kabla ya mvua za Machi na za Oktoba atoe ushuhuda hadharani kwamba mtoto wake anapitisha maji. Magavana watoe sadaka yao kwa risiti. Msiache Idara ya Hali ya Hewa nje ya jukwaa; mpeni dakika kumi yule mtaalamu wao, baada ya kwaya ya kwanza na kabla watu hawajaanza kuangalia saa, na atakalolisema lipokelewe kwa amina nzito kama ile tunayoitoa tukiahidiwa magari.

Na jambo la mwisho, hili ni la dharura. Safari ijayo mtoe ilani mapema, walau miezi miwili, mkitaja bayana kama mtaomba mvua au mtaomba jua. Wakazi wa Mukuru wanahitaji kujua godoro walitundike wapi.

Wenu katika Bwana,
Mlipa kodi na mtoa fungu la kumi,
aliyepanga chumba umbali wa mita 29 kutoka mtoni.