Simu Haijui Iko Wapi

Wengi wetu tunaamini kwamba ukipiga 911 huku Marekani, anayepokea anakuona ulipo. Hakuoni. Ukimpigia kwa simu ya mezani ya ofisini, anachosoma kwenye skrini yake ni anwani iliyoandikwa na mtu fulani siku fulani, na kwa kampuni yetu hapa Dallas, mtu huyo ni mimi. Nina jedwali la namba zote za kampuni, na mbele ya kila namba pana mtaa, jengo, ghorofa na chumba. Kazi yenyewe haitoi jasho. Shida ni kwamba jedwali limetulia na watu hawatulii.

Kuna mama mmoja wa uhasibu, mpole, hana makuu. Kiyoyozi kilimchosha kwa kumpulizia kisogoni, basi akachomoa simu yake, akaikumbatia pamoja na chungu cha maua, akashuka navyo kutoka ghorofa ya tano hadi ya pili. Akachomeka waya ukutani, simu ikawaka, maisha yakaendelea. Nilipopanda kumpelekea fomu nilikuta kwenye kona yake mashine ya kuchapisha. Angeanguka ghafla wiki ile, wahudumu wa gari la wagonjwa wangeitibu mashine.

Ghorofa nazo zina fitina zake. Kwetu nyumbani ya kwanza ni ile uliyoipandia ngazi. Mmarekani anaanza kuhesabu palepale mlangoni unapofuta viatu. Kijana mgeni kutoka Arusha alijaza fomu kwa hesabu za nyumbani, akajishusha ghorofa nzima. Penye maelezo ya ziada akaandika: “Ukitoka kwenye lifti kata kushoto, halafu uliza.” Mimi nilimwelewa vizuri sana, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Lakini mfumo unalinganisha kila anwani na daftari la mitaa linalotumiwa na watu wa dharura, na daftari hilo halina nafasi ya kuuliza. Lilimkataa.

Msidhani ni urasimu mtupu. Desemba 2013, katika mji wa Marshall, mashariki mwa jimbo hili la Texas, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli. Binti yake wa miaka tisa alipiga 911 mara kadhaa, simu haikutoka, kwa sababu simu ya hoteli ilitaka kwanza ubonyeze 9 ndipo upate laini ya nje. Mtoto angejuaje? Sheria yenye jina la mama yake ilitiwa saini 2018, na tangu Februari 2020 mifumo mipya ya simu za maofisini na mahotelini lazima ipeleke 911 moja kwa moja, na imjulishe mtu wa kampuni kwamba simu hiyo imepigwa. Sheria nyingine, RAY BAUM’s Act, ndiyo inayodai anwani inayomfikisha mwokoaji hadi kwenye ghorofa na chumba chenyewe.

Huyo wa kujulishwa ni mimi pia. Ofisi yetu bado ina mazoea ya kubonyeza 9 ili kutoka nje, kisha 1 ya masafa marefu. Kidole chenye haraka kikiongeza 1 nyingine, umeshaita serikali. Watu wa mauzo ndio mabingwa. Na wakishtuka wanakata, jambo ambalo ni baya zaidi, maana kituo kitapiga tena, na kisipopata jibu kinaweza kutuma askari. Siku moja walikuja wawili, wakubwa kama milango. Dada wa mapokezi akauliza kwa sauti ni nani aliyeita polisi, na idara nzima ya mauzo ikagundua kwamba dari letu lina urembo wa kutazamwa.

Simu za kwenye kompyuta zimezidisha. Namba ya Dallas sasa inaweza kulia popote penye intaneti. Programu humuuliza mtumiaji yuko wapi, naye hubonyeza “baadaye” kama anavyomjibu mdai. Juzi nilimpigia mwenzetu mmoja kuhakiki anwani yake.

“Kaka, uko wapi?”

“Niko kazini.”

Nyuma yake jogoo akawika.

“Kazini wapi, ndugu yangu?”

“Kazini tu, bwana.” Mara sauti ya mama mtu mzima: “Mwanangu, njoo ule, mahamri yanapoa!”

Alikuwa Mombasa, kwao Likoni. Mama yake angeunguza jiko, na yeye akabonyeza 911 kwenye ile kompyuta kwa mazoea, magari ya zimamoto ya Dallas yangefika kwenye kiti chake kitupu huku mahamri yakiteketea ng’ambo ya bahari. Nilimwambia akiwa huko apige 999 au 112 kwa simu yake ya mkononi. Akanishukuru, akaniambia anwani atairekebisha baadaye.

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye kiti cha ofisi huku Marekani, jaribu kupiga 933. Kwa watoa huduma wengi, mashine itakusomea anwani iliyoandikwa kwa namba yako, bila kumsumbua askari yeyote. Ikisoma pengine, mwambie anayeshughulikia simu kazini kwenu leo hii. Na ukihamisha meza, tafadhali, mwambie kabla hujachomoa waya.