Mbaazi za Shilingi 17,500

Msomaji mwenzangu, kama na wewe umeoa kwa watu wa hesabu, sogea tuliwazane. Mke wangu, ambaye mimi na watoto humwita Hazina Kuu akiwa hasikii, hawezi kushika kitu dukani hapa Sharjah kabla ya kuizidisha bei yake mara 35. Dirhamu moja ni kama shilingi 35 za Kenya, na yeye haisamehe hata moja. Juzi kwenye matunda alikutana na parachichi lenye kibandiko cha Kenya. Akaisoma bei, midomo ikacheza, akalirudisha taratibu mahali pake. "Baba Zuhura," akaniambia, "hili kwetu huanguka lenyewe usiku, mtu akalikanyaga." Akaliambia pole parachichi, tukaenda kwenye vitunguu vya India.

Lakini ugonjwa wa kuzidisha haukuanzia kwake. Ulianza kwetu Kisauni, Mombasa, siku barua ya kazi ilipofika: msimamizi wa bohari Jebel Ali, dirhamu 6,500 kwa mwezi, na mshahara wa huko haukatwi kodi. Kufumba na kufumbua, ukoo mzima ulikuwa umeshapata jibu, 227,500, na vigelegele vikapigwa. Mjomba wangu Mzee Risiti, ambaye hajawahi kumrudishia mtu chenji, alinishika mkono akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kumwezekea bati. Wallahi, sijaona watu wepesi wa kuzidisha mshahara na wazito wa kuzidisha matumizi kama wa kwetu. Hata leo nikipiga simu kulia kwamba mwezi umenishinda, husikia upande wa pili mtu akinong'ona: "Laki mbili na ushee zinamshindaje?"

Zinashinda hivi. Chumba kimoja na sebule tunakilipia dirhamu 36,000 kwa mwaka, na huku hakuna ile ya kumkimbia mwenye nyumba mwisho wa mwezi kupitia mlango wa uani. Unaandika hundi nne za tarehe za mbele, unazikabidhi zote siku ya kuingia, kisha kila robo mwaka ikikaribia unaanza kukosa hamu ya kula. Hadi mwanzoni mwa 2022, hundi kurudi kwa kukosa fedha ilikuwa kesi ya jinai. Sheria imelegezwa, ila tumbo langu bado halijapata habari. Hazina Kuu yeye alipata 1,260,000 kwenye kalkuleta, akakaa chini, akasema kwa hela hizo tungetafuta kiwanja.

Mtaa wetu ni Al Nahda. Ukivuka barabara kuna Al Nahda nyingine ya Dubai, jina lile lile, kodi nyingine kabisa. Mke wangu alichagua upande huu, na kile tunachookoa mimi hukilipa kwa usingizi, maana Jebel Ali iko mwisho wa pili wa Dubai na foleni ya katikati haina huruma. Basi la kampuni hunibeba kabla ya adhana ya alfajiri. Wenzangu wa bohari wengi wanaishi wanane chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake cha kukodi, familia zao ziko kwao, na mwisho wa mwezi wanatuma pesa. Mimi niliona nije na wangu. Niligongesha mihuri cheti cha ndoa ofisi baada ya ofisi hadi kikaonekana kama bahasha iliyozunguka dunia, ili nisiwe mpweke. Upweke siku hizi nauota tu.

Zuhura tumemtia shule ya mtaala wa Kihindi, maana ile ya mtaala wa Kiingereza ada yake haizidishiki. Sasa anataka dosa asubuhi na anamsahihisha mamake matamshi ya viungo. Mdogo wake, Meneja wa Baridi, ana miaka minne na ndiye mwenye rimoti ya kiyoyozi. Huiweka 18, halafu anajifunika blanketi. Sebuleni yupo shemeji yangu Balozi, aliyeingia kwa visa ya matembezi kutafuta kazi, na tangu hapo anaiwakilisha Kisauni kwenye kochi langu. Mchango wake nyumbani ni mmoja: simu za WhatsApp zimezibwa nchi hii, na yeye ndiye anayejua ni programu ipi itatupatisha Mombasa.

Katikati ya balaa hilo, mwezi wa Agosti, akatua mama mkwe, Mheshimiwa mwenyewe. Amezaliwa Mombasa, akadhani joto analijua. Alifungua bomba la maji baridi atie udhu, akaruka. Kiangazi matangi ya paani huchemka, kwa hiyo sisi huzima hita, na bomba la moto ndilo hutoa maji ya kuvumilika. Alinitazama kana kwamba nimemchezea.

Bili ya umeme, maji na gesi ilikuja wiki hiyo hiyo. Hazina Kuu akaisoma kwa sauti, ikiwa imeshazidishwa. Meneja wa Baridi akaificha rimoti. Mheshimiwa alisikia neno gesi tu. "Nani anachemsha mbaazi kwa gesi?" akauliza, akafungua sanduku, na kutoka ndani ya leso akachomoa jiko la makaa. Mimi nilikuwa kazini. Balozi alitumwa makaa, akarudi na mfuko wa wachoma nyama, bei yake ingechemsha mbaazi za gesi mwezi mzima. Jiko likawekwa barazani ghorofa ya tisa, na mlango ukaachwa wazi ili Mheshimiwa apepee moto huku akipigwa na kiyoyozi.

Moshi ulijua njia. Ulipita sebuleni, ukatoka koridoni, king'ora kikalia.

Nilishuka kwenye basi nikakuta jengo zima liko nje: Wamisri, Wafilipino, Wamalayali, wazee na vichanga, wote wanatoka jasho. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, sufuria mapajani. Ngazi za ghorofa zote tisa alishuka nayo. "Mwanangu," akaniambia kabla sijamwamkia, "nyumba ni ya watu, lakini mbaazi ni zangu."

Tukapigwa faini ya dirhamu 500. Hazina Kuu akaikokotoa papo hapo mbele ya mlinzi wa jengo: "Kumi na saba elfu na mia tano. Na nazi bado sijatia."

Zilitiwa nazi baadaye, kwa gesi, na bakuli zikapelekwa, pamoja na mahamri, mlango kwa mlango kuomba radhi. Bakuli zikarudi na kunafa, na pansiti, na mama mmoja wa Kimisri akataka kufundishwa mahamri. Usiku Mheshimiwa akaniita pembeni: "Mwanangu, hii visa yangu si huongezwa?"

Balozi, ambaye mambo ya visa ndiyo elimu yake pekee, akajibu kutoka kochini kwamba huongezwa, tena atamjazia fomu mwenyewe. Nikamgeukia mke wangu aniokoe. Alikuwa na kalamu na karatasi, anamuuliza mamake kilo moja ya unga hutoa mahamri mangapi.