Fisi Tuko Mlangoni

Ukitaka kuwajua wenzako wa kazini, wagawie laini moja ya intaneti wapigie simu. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa iliachana na simu za waya kwa sababu ya bili, tukaletewa simu za intaneti zenye vitufe vingi kuliko wafanyakazi. Fundi alisema, "Haloo, haloo, moja mbili tatu," akajibiwa, "Nakusikia," akalipwa, akaenda zake.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa raha tupu, maana waliofika walikuwa wawili. Wa tatu alipoingia na kunyanyua simu, wote wakaanza kukatika maneno. Mhasibu anasikika akidai "laki... ne... kesho", na dereva wa upande wa pili anaitikia asichokijua. Kisa ni hesabu ya shule ya msingi. Laini yetu ilikuwa na kilobiti 256 kwa sekunde za kupeleka nje. Kodeki, yaani kanuni ya kuibana sauti isafiri mtandaoni na kuifungua upande wa pili, ilikuwa G.711 ya mwaka 1972, inayotumia kilobiti 64. Ukijumlisha na yale yanayoandamana na kila pakiti, yaani kila kifurushi kidogo cha sauti, simu moja inakula kama 87. Mbili zinapita. Ya tatu inafurika, na pakiti zinazopotea hazichagui ni za nani.

Basi ikazuka siasa. Ukigusa simu tu, ofisi nzima inauliza, "Nani huyo?" Karani akituma barua pepe yenye hati za shehena, anatazamwa kwa jicho la mchawi. Bosi akaamuru foleni ianzie mezani kwake, na kwa kuwa simu zake haziishi, sisi wengine tukarudi kwenye simu za mkononi, kwa bando zetu wenyewe.

Fundi akaitwa, akaweka G.729: kilobiti 8 tu! Tukashangilia mapema. Kila pakiti ya milisekunde 20 hubeba baiti 20 za sauti, na juu yake baiti 40 za anwani na maelezo ya safari. Kama mizigo yetu bandarini, makaratasi yana uzito mkubwa kuliko mali. Ukijumlisha na vifungashio vya laini yenyewe, zile 8 zikawa 31. Hata hivyo, watu wanane waliweza kuzungumza kwa mpigo, na salamu za asubuhi zikarudi ofisini.

Masikio ndiyo hayakupata nafuu. G.729 imeundwa kufuata namna koo na mdomo wa binadamu vinavyotoa sauti. Kisichotoka kooni, inabahatisha. Bosi alikuwa amewawekea wanaosubiri kwenye simu taarabu safi, yenye fidla na ganuni. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alisubiri weee, kisha akatuuliza kwa huruma: "Wanangu, huyo paka mmemfungia wapi?"

Halafu kuna S na F. Kodeki zote hizo mbili hazibebi sauti iliyozidi hezi 4,000, na huko juu ndiko sehemu kubwa ya tofauti ya herufi hizo inakokaa. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, ile ya mwisho ikiwa ya kukagua wenzake. Karani akisikia F mahali pa S, kompyuta inamjibu kuwa namba hiyo si sahihi, naye anamlaumu mteja. Dereva wetu alipiga kutoka getini: "Sisi tuko mlangoni!" Aliyepokea akaduwaa: "Fisi? Wangapi?"

Dawa ipo, na haikuhitaji mganga. Ndani ya ofisi, ambako nyaya zina nafasi tele, tukawekewa G.722 ya mwaka 1988: kilobiti 64 zilezile, lakini inabeba sauti hadi hezi 7,000, na S ikarudi kuwa S. Kwa simu za nje, ikawekwa Opus ya mwaka 2012, isiyo na ada ya leseni, inayojipunguza na kujiongeza kati ya kilobiti 6 na 510 kulingana na hali ya mtandao. Ila upande wa pili lazima nao uwe nayo, kwani simu mbili huanza kwa kukubaliana kodeki ambayo zote zinaijua. Ukimpigia mtu mwenye simu ya waya, mnarudi kulekule kwenye hezi 4,000. Taarabu ikaondolewa, anayesubiri sasa anasubiri kimya.

Kwa hiyo ndugu msomaji, fundi akija kwako, usimlipe kwa "haloo, moja mbili tatu". Maneno hayo hupita kwenye kodeki yoyote. Mwulize kodeki gani, na simu ngapi kwa wakati mmoja. Kisha nyanyueni simu zote pamoja na msomeane namba za kontena. Zikifika zilivyo, mpe fedha yake.