Mshale Uliolala kwenye H

Gari langu ni la Kijapani, usukani uko kulia katika nchi inayoendesha kulia, kwa hiyo nikitaka kulipita lori la shaba humuuliza abiria kama njia ni nyeupe. Siku ile, tukitoka Kakanda kwenda Likasi, abiria alikuwa mjomba, mstaafu wa kampuni ya shaba ya Gécamines.

Nikazungusha ufunguo. Mshale wa joto ukaruka hadi H, ukajilaza huko.

Nikashuka mbio kutafuta maji. Ilikuwa wiki ya tatu ya ugonjwa huo. Fundi wangu wa Likasi alikwisha badilisha kofia ya radiateri, kisha akang'oa termostati ("kidude cha Wazungu wenye theluji"), na mwisho akaniambia, kwa sauti ya kutangaza msiba, "Patron, ni kulasi," yaani kichwa cha injini. Bei yake siiandiki, mke wangu anasoma.

"Mpwa wangu, umewasha saa ngapi?"

"Sasa hivi, mjomba."

"Na imeshachemka?" Akaweka kiganja juu ya radiateri. Baridi kama mtungi. "Mimi nimezeekea mbele ya tanuru. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085, na hata hapo kwanza tulivaa glavu."

Akachomoa waya kwenye sensa. Injini ikipata joto, sensa hupitisha umeme zaidi na mshale hupanda. Ukiuchomoa waya, mshale wa gari la kizamani kama langu hauna budi kushuka hadi C. Wangu haukutikisika. Basi sensa haina kosa, na injini ndiyo haina kabisa! Tukaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya betri. Panya, waliokuja kwa ajili ya unga wa bukari ninaobeba kila Jumamosi, walikuwa wameutafuna ganda, nao uchi wake ukagusa chuma cha bodi. Sisi tunaochimba shaba ya kuuzia dunia nzima, mimi nikafilisiwa na uzi wake mmoja.

Tukaufunga kwa utepe. Mshale ukashuka.

Ulishuka moja kwa moja, kwa kweli. Sasa hata tukipanda kilima haunyanyuki kutoka C, maana bila termostati injini haipati joto, na asubuhi za Juni, baridi ya Katanga ikiuma, inakunywa mafuta kama harusi. Termostati yangu bado iko Likasi, kwenye droo ya fundi. Kila nikipita huniuliza kama ile kulasi nilishaibadilisha.