Namna ya Kuhama Muziki Msimbazi Bila Kuitwa Msaliti

Hapa Msimbazi, Kariakoo, kuhama timu hakupo. Klabu ya Simba iko palepale barabarani, Yanga wako Jangwani, mwendo wa miguu tu, na mtu aliyezaliwa upande mmoja huzikwa upande huohuo. Shida ni kwamba mtaa uliozoea uaminifu wa aina hiyo huudai kwenye kila kitu, muziki nao haukusalimika. Ukishajulikana kuwa mtu wa singeli, umejulikana. Siku ukikutwa Mtaa wa Sikukuu unatikisa bega kwenye amapiano, jina lako jipya litafika Gerezani kabla yako.

Nami nakwambia, ndugu yangu, utahama tu. Muziki wa kompyuta haukai mahali pamoja, na miguu haina kadi ya uanachama. Kinachotakiwa ni kuhama kwa adabu, watu wasione mshono. Fanya hivi.

1. Jua ukoo.

Mtu anayejua ukoo wa muziki hahami kamwe; siku zote anatembelea jamaa. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote, na uzuri wake ni kwamba ni ya kweli, hivyo huna uongo wa kukariri.

Anza na singeli yako. Ilizaliwa uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, katikati ya miaka ya 2000, pale madijei wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, walipochukua vipande vya taarabu na mchiriku, wakavikata kwenye kompyuta, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo 200, wakati mwingine 300, kwa dakika. Ile sauti nyembamba ya kitoto unayoisikia kwenye biti nyingi inatokana na kasi hiyo: kipande kikikimbizwa bila kuzuiwa, sauti nayo hupanda. Kabla ya hapo palikuwa na mchiriku, ambao wengine tunauita mnanda: kinanda kidogo cha Casio kilichoungwa kwenye spika za honi, ngoma pembeni, na mwimbaji anayesimulia maisha ya kupanga chumba kimoja. Jagwa Music walianza hivyo miaka ya 1990, na mwaka 2012 albamu yao "Bongo Hotheads" ikatolewa na kampuni ya Ubelgiji. Nyuma ya mchiriku ziko ngoma za Wazaramo, mdundiko na wenzake, zilizokuwa zikipita mitaani na kuzoa watoto wa kila nyumba.

Sasa ona faida yake. Ukikamatwa na taarabu sikioni, jibu kwamba unafuatilia kipande alichokikata dijei. Ukikamatwa na mchiriku, sema umekwenda kuwasalimia wazee. Hakuna atakayekuhoji zaidi, kwa sababu wengi wanaokuhoji hawajui lolote kati ya hayo.

Amapiano je? Hapo ndipo watu hubabaika, na hapana haja. Kwaito ya Afrika Kusini ilipatikana kwa kuichukua hausi na kuipunguza kasi, na amapiano ni mjukuu wa kwaito. Wenzetu walipunguza kasi ya hausi. Sisi tukaongeza kasi ya taarabu. Ujanja ni mmoja, kitufe ndicho kilichozungushwa pande mbili. Tena Dar haikuanza jana kuwasikiliza hao: Brenda Fassie aliisumbua mitaa hii kwa "Vuli Ndlela" mwishoni mwa miaka ya 1990. Shangazi yako aliicheza hadi kanga ikamdondoka, na hakuna aliyemwitia kikao.

2. Tumia hesabu.

Hii ni kwa mwenye kushika muziki: dijei wa harusi, kijana wa duka la spika, mwenye bajaji yenye sabufa. Amapiano hutembea kwenye mapigo kama 112 kwa dakika. Zidisha kwa mbili: 224. Hiyo ni singeli. Chagua wimbo wa amapiano wa mapigo hayo, tafuta singeli ya 224, zipangilie, na mpigo mmoja wa ule wa kwanza utabeba miwili ya ule wa pili bila mtu kujikwaa. Wazee waendelee kutikisa mabega taratibu, vijana waanze kukimbiza miguu, na kila upande uamini kuwa ni wimbo wake unaopigwa. Kwa mchanganyiko huo unaweza kuhama na kurudi mara kumi usiku mmoja.

Ukiwa huna mashine ya kuchanganyia, panga nyimbo kwa akili. Watu hukuhukumu kwa wimbo wanaousikia wakiingia dukani na ule wanaousikia wakitoka. Weka singeli mwanzoni, weka singeli mwishoni. Katikati ni kwako.

3. Jikinge kwa wakubwa.

Peke yako utaonekana kigeugeu. Ukiwa na mzee mbele yako, unafuata nyayo.

Mzee wa kumtanguliza ni Muhiddin Maalim Gurumo, na ninamtaja kwa heshima yote. Alikuwa sauti ya NUTA Jazz tangu 1964, bendi iliyokuja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Mwaka 1978 akaondoka kwenda Mlimani Park, waliokuja kuwa mahasimu wakubwa, wenye mtindo wa Sikinde. Kwa wasiokumbuka, Sikinde na Msondo zilikuwa Simba na Yanga za muziki wa dansi. Mtu aliweza kuacha kuoa kwa sababu ya bendi ya upande wa pili. Mwaka 1985 Gurumo akahama tena, Safari Sound, mtindo wa Ndekule. Halafu akarudi Msondo na kukaa huko hadi alipostaafu. Hassan Rehani Bitchuka naye alikwenda na kurudi kati ya bendi hizohizo. Gurumo alipofariki Aprili 2014 hakuna aliyemkumbuka kwa kuhama. Tulikumbuka sauti, maana popote alipokwenda aliibeba ileile.

Hapo ndipo pa kujifunza kazi. Hama mtindo, ubaki na kitu kimoja chako kinachotambulika. Kama unajulikana kwa kucheza kwa mabega, yapeleke mabega hayo kila uendako. Kama ni kofia, iwe kofia.

Ukimtaka wa karibu zaidi, mtaje Professor Jay. Mkongwe wa rapu, aliyekuwa akiheshimiwa kwa mistari yake tangu enzi za Hard Blasters, alitoa "Kazi Kazi" na Sholo Mwamba, singeli kabisa, naye wakati huo alikuwa mbunge wa Mikumi. Ikiwa mbunge alivuka, wewe muuza vifuniko vya simu Mtaa wa Aggrey nani akuzuie? Diamond naye alishavuka upande mwingine mwaka 2021 na "Iyo", akiwa na wenyeji wa amapiano wenyewe.

Wakikubana sana, wakumbushe kwamba Simba yenyewe iliitwa Sunderland hadi 1971. Hili liseme ukiwa umekaa karibu na mlango.

4. Wape Ulaya, lakini kidogo.

Yupo jirani anayedharau singeli, na anakudharau wewe kwa kuipenda. Usimpigie muziki, atazidi kukasirika. Mwambie kwamba mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao "Sounds of Sisso", kutoka studio ya Mburahati, na baada ya hapo vijana wa huko wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Atanyamaza. Inaniuma kwamba mtu wa Kariakoo hukubali muziki wa Mburahati pale tu unaposifiwa mbali, wakati ungeweza kufika kwake kwa bodaboda moja. Lakini dawa inafanya kazi, itumie.

5. Hili usilifanye kamwe.

Nimekupa ruhusa ya kuhama, kurudi, kuchanganya na kujificha nyuma ya wazee. Ruhusa ya kukana sikupi.

Nawajua waliohama vibaya, na wote walikosea mahali pamoja. Walipofika kwenye amapiano walianza kusema kwamba singeli ilikuwa kelele, muziki wa wahuni, mambo ya vigodoro. Maneno hayo hayakuanza kwao. Ndiyo yaliyotumika miaka yote kuwafungia mlango vijana waliotengeneza muziki mpya kwa kompyuta ya kawaida na chumba chenye joto. Vigodoro vilipigwa marufuku mara kwa mara, redio nyingi hazikuwataka, na bado Msaga Sumu aliimba, Man Fongo akaja na "Hainaga Ushemeji" mwaka 2016, redio ya EFM ikawapa kipindi, na mji mzima ukajikuta unakimbia nao. Ukishacheza kwa jasho lao, huna haki ya kuwatukana kwa sababu tu umepata viatu vipya.

Kwa hiyo ukihama, endelea kuwalipa. Dijei wa kigodoro akipiga, mtunze mkononi, noti ionekane. Unapokwenda kujaziwa nyimbo kwenye flashi, taja majina ya maprodyuza, Sisso, Duke, Jay Mitta, Bamba Pana, si "niwekee singeli kali" tu. Kijana wa kibanda atajifunza majina hayo kwako, na mteja wa kesho atayajua. Majina haya yanapotea upesi mno. Nyimbo huzunguka mtaani miaka mitano na hakuna anayejua nani aliyetengeneza biti. Kuna prodyuza anayepita Mtaa wa Kongo na kusikia kazi yake kwenye maduka sita, naye hana nauli.

6. Acha mlango wazi.

Tatizo hili la kuhama si la kwetu tu. Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, transi ilikomaa Frankfurt ikapata wafuasi wakali kuliko wa Msondo. Tiësto wa Uholanzi aliibeba hadi kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Miaka michache baadaye akahamia hausi, na wapenzi wa transi wakalia kama walioachwa kituoni. Ninawaelewa. Muziki wa namna ile, unaopanda taratibu kwa dakika saba kabla haujakuachia, hukaa ndani ya mtu. Lakini waliobaki wakinuna walikosa miaka mizuri ya kucheza, na transi yenyewe ilikuwa imetokana na watu waliotoka kwenye tekno.

Basi usiage. Kuaga ndiko kunakoleta msiba. Usitangaze kwamba umeacha singeli, usifute nyimbo, usigawe fulana. Nunua flashi ya pili. Kikija kingine baada ya amapiano, na kitakuja, labda kinapikwa sasa hivi chumbani mwa kijana wa Tandale ambaye hana hata picha mtandaoni, fanya tena hatua zote kuanzia ukoo.

Wakati huohuo rudi nyumbani mara kwa mara. Panda mwendokasi hapa Msimbazi, shuka Manzese, chukua bodaboda uingie ndani kunakosikika spika. Usiombe amapiano huko. Ukiulizwa ulipotelea wapi, sema kweli, nunua soda za waliokuuliza, mtunze dijei, uingie katikati ucheze hadi shati lilowe.