Kijana Wangu wa Jana

Sisi wa Jangwani, ambao kila kukicha twapanda kutoka bonde la Msimbazi kwenda kutafuta riziki Kariakoo, mtaa uliorithi jina lake kwa wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, hatuna budi kuyastaajabia macho ya tajiri wa dukani, ambayo huona hata senti iliyojificha chini ya mkeka, lakini hupatwa na upofu wa ghafla punde robota la mitumba linapomwangukia mchukuzi na kumvunja mguu. Jana alikuwa akimwita "kijana wangu". Leo auliza, kwa adabu kamilifu, yule maskini ni wa nani.

Tukiisema sheria kwa insafu, haina kigugumizi: ile ya 2008 iliuasisi Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, nayo yamtaka mwajiri, akishapata habari ya ajali, aitoe taarifa ndani ya siku 7, na mchango wote utoke mfukoni mwake, isikatwe hata senti katika mshahara. Ila ili taarifa itolewe sharti awepo mwajiri, na siku ya ajali Kariakoo nzima haina hata mmoja. (Siku ya kupakua kontena huwa wengi kupita kiasi.)

Basi ewe mchukuzi, ukitaka kuvunjika, omba kwanza barua ya ajira yenye muhuri, mguu utakusubiri.