Vifungu vya Mezani

Kwa mama ntilie, Matema, wali wa Kyela na mbasa mezani, kijana wa chuo alitusimulia riwaya ya Margaret Atwood ya mwaka 1985: nchi ya kubuni ambako tumbo la mwanamke ni mali ya dola, na daktari aliyewahi kutoa mimba hunyongwa. Wazee wakaguna. “Wazungu kwa kutunga!”

Sisi hatukuhitaji kutunga. Mkoloni alituachia iliyopikwa tayari. Kanuni ya Adhabu ya 1945, kifungu cha 150: mtoaji mimba, hadi miaka 14. Cha 151: mwenye tumbo, miaka 7. Cha 152: mleta dawa, miaka 3. Aliyetia hiyo mimba hatajwi humo. Labda yuko Itungi anasubiri meli. Mwingereza mwenyewe alilegeza sheria yake 1967. Nasi 2007 tuliridhia Itifaki ya Maputo, ile ya haki za wanawake wa Afrika, tukaiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Mama ntilie, akipepea jiko, akauliza: “Huyo Mzungu wa riwaya aliwahi kuishi Kyela?”

Tulikuwa wanaume sita pale mezani. Hakuna aliyemjibu.